Cherehani inabebeka, wateja je?

Somo, shikamoo.

Mie ni mama wa watoto watatu, naishi Makorora hapa Tanga mjini. Mume wangu ni fundi umeme wa viwandani, kazi ameifanya miaka kumi na tatu. Kiwanda alichopo sasa kimepunguza zamu tangu mwaka jana, na mkataba wake ni wa mwaka mmoja mmoja. Kila Desemba tunakaa roho juu mpaka ausaini tena.

Mwezi uliopita rafiki yake waliyesoma naye VETA alimwunganisha na kiwanda cha minofu ya samaki huko Mwanza. Wakamfanyia usaili kwa simu, na wiki iliyopita wakamtumia barua kwa WhatsApp: mkataba wa miaka miwili, miezi sita ya kwanza ni ya majaribio, aripoti tarehe 1 Julai. Nauli atajilipia mwenyewe, watamrudishia baada ya miezi mitatu akileta risiti. Hapa, makato yakishatoka, anapata 620,000 mkononi. Kule watampa 980,000. Nyumba hawatoi. Wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi huu.

Yeye ameshaamua moyoni, namjua. Siku hizi anazunguka ndani anapiga mluzi. Anataka twende wote kwa pamoja likizo ya Juni, anasema familia haikatwi vipande kama mkate. Tukishafika ndio tutatafuta shule na nyumba, kwa wiki mbili tutakaa kwa huyo rafiki yake. Mimi Mwanza sijawahi kufika, mbali nilikofika ni Moshi, msibani.

Somo, mambo yangu ni haya. Mtoto wa kwanza yuko darasa la saba, Septemba ana mtihani. Wa pili, binti, yuko la tatu. Wa mwisho ana miaka miwili. Mama yangu yuko Pangani, ana presha na sukari, na kila mwezi mimi ndiye ninayempeleka kliniki Bombo. Anakuja kulala kwangu siku mbili kisha namrudisha. Kaka yangu yuko Dar, hela anatuma, miguu hatumi. Mdogo wangu wa kike ameolewa Muheza, ana mtoto mchanga.

Hapa tunapoishi hatulipi kodi. Ni nyumba ya marehemu baba mkwe, mama mkwe anakaa mbele, sisi tuna vyumba viwili uani na jiko. Habari ya Mwanza haijamaliza hata siku tatu, wifi yangu ameshaniuliza kile chumba kikubwa kitabaki na nani.

Halafu kuna vijisenti vyangu. Nina fremu ndogo Ngamiani nashona. Nina vyerehani viwili na overloki niliyoinunua kwa mkopo wa kikoba, bado nadaiwa 340,000. Nikishatoa kodi ya fremu na nyuzi na vifungo nabaki na laki mbili na nusu mpaka laki tatu kwa mwezi. Ramadhani inapanda, na Januari kwa sababu ya sare za shule inapanda tena. Nilipomwambia mume wangu kuhusu kazi yangu alicheka tu, akasema, "Cherehani inabebeka." Sikumjibu. Nilitoka nikaenda kuosha vyombo ambavyo nilikwisha kuviosha.

Mama mkwe naye anasema mume hapelekwi ziwani peke yake, nikimwachia aende mwenyewe nisije nikalia. Mtoto wa kwanza anasema yeye yuko tayari bora baiskeli yake iende. Mume wangu ananitania kwamba nitazoea kula sangara asiye na nazi.

Niende naye, nimwache atangulie, au nimzuie? Nikishtuka usiku najikuta napanga vyombo kwenye maboksi kichwani.

Mama wa Watatu, Tanga

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu. Mshahara wa mumeo umeuandika juu, kwa tarakimu, wa sasa na wa kesho. Wa kwako umeuita vijisenti na ukauchanganya na nyuzi na vifungo. Basi mimi nimeutoa huko nikauweka mezani pamoja na wake, na hesabu imebadilika.

Kule ataongezewa 360,000. Hapo ndipo mluzi unapotoka. Lakini hapa hamlipi kodi, na Mwanza mtalipa. Nyumba ya vyumba viwili na sebule, yenye maji, nje kidogo ya katikati ya mji, tuiweke laki mbili kwa mwezi. Nyongeza imebaki 160,000. Sasa toa kile unachokiingiza wewe, tuseme 280,000, kwa sababu siku mtakayoondoka Ngamiani kinakatika. Mnakuwa chini ya hapa mlipo kwa 120,000 kila mwezi, na sijagusa daladala, wala nauli ya kuja kumwona mama, wala lile deni la kikoba ambalo halitahama na wewe ila litakupigia simu.

Mumeo amesema kweli, cherehani inabebeka. Wateja hawabebeki. Yule mama anayekuletea kitambaa wiki moja kabla ya Idd, anakuambia "wewe si unanijua" na anaondoka bila kupimwa, huyo umemjenga kwa miaka. Mwanza utaanza na mtu anayekuletea suruali ukunje pindo, akiangalia kama mkono wako ni mwepesi. Mpe mwaka mzima kabla hujarudi kwenye hiyo 280,000. Na mwambie mumeo hesabu hii jioni moja akiwa ameshakula, kwa karatasi, bila machozi. Fundi umeme anaelewa namba kuliko anavyoelewa kuosha vyombo mara mbili.

Lakini usichukue karatasi hiyo ukaifanya fimbo ya kumzuia. Kukaa Tanga nako kuna bei, na wewe mwenyewe umeiandika: zamu zimepunguzwa, mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Mtu anayeona maji yanaingia mtumbwini akaanza kuangalia pwani si mpumbavu. Isitoshe, kwa ufundi wake Kanda ya Ziwa ni mahali pazuri. Kuna migodi ya dhahabu Geita, kuna almasi Mwadui, kuna viwanda vya Mwanza penyewe, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, zile kilomita 3 za maji ambazo watu walikuwa wanasubiri kivuko sasa ni dakika chache tu. Akikaa kule miaka miwili akajulikana, hatakuwa mtumwa wa kiwanda kimoja. Hapa Tanga milango ya fundi wa namna yake ni michache zaidi.

Ninachokiogopa ni kile kiwanda chenyewe. Sio kwamba nakijua, sikijui. Nayajua mambo ya sangara. Samaki huyu amepungua ziwani kwa miaka mingi sasa, kwa uvuvi haramu na kuvuliwa wadogo, na viwanda vya minofu vimekuwa vikifanya kazi chini ya uwezo wake, vingine vikafunga kabisa. Msije mkakimbia kupunguzwa zamu Tanga mkaenda kukutana na kupunguzwa zamu Mwanza, kilomita zaidi ya 1,100 kutoka kwa mama. Mumeo amwulize yule rafiki yake swali moja la kifundi, asiulize "kazi ikoje", maana kila mtu hujibu "kazi ipo". Amwulize: wiki iliyopita mstari wa minofu uliwaka siku ngapi, na zamu ngapi? Na mwezi wa pili je? Rafiki wa kweli atajibu kwa namba.

Sasa nije kwenye mkataba, maana hapa watu wengi wanaumia kwa kutokujua. Barua ya WhatsApp ni posa, haijawa ndoa. Asiage kazi ya sasa mpaka mkataba wenyewe uwe umesainiwa na pande zote mbili. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi, na kati ya yanayotakiwa kuandikwa ni mahali alipoajiriwa na mahali atakapofanyia kazi. Watu hupita hapo haraka, wanakimbilia mstari wa mshahara. Lakini sheria hiyohiyo inasema ajira ikisitishwa mahali tofauti na pale mtu alipoajiriwa, mwajiri amsafirishe yeye na mizigo yake mpaka pale alipomtoa, au amlipe gharama hizo, na amlipe pia posho ya kujikimu kwa siku anazosubiri kusafirishwa. Sasa fikiri: usaili ulikuwa kwa simu, yeye akiwa Makorora. Akienda kusaini Mwanza, karani ataandika "Mwanza" pande zote mbili, na siku ya kuachana atawaambia nauli ni juu yenu, kwani si mlikuwa hapahapa? Asaini akiwa Tanga, na mahali alipoajiriwa paandikwe Tanga. Neno moja tu hilo, ila ni lori zima la vyombo vyenu.

Jambo la pili la sheria hiyo: ule ulinzi wa kutoachishwa kazi bila sababu ya haki haumhusu mtu ambaye hajafikisha miezi 6 kwa mwajiri huyo. Yaani kuanzia Julai mpaka mwisho wa Desemba wanaweza kumwambia asante kwa heri, na akakosa pa kushika. Wewe nawe uwe umeshauza kitanda? Umeshaacha fremu, mtoto ameshatolewa shule? Hapana mwanangu. Muda wa majaribio ni wake yeye na kiwanda, si wa mtoto wa miaka miwili.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: mumeo aende Julai, ninyi mwende mwishoni mwa Desemba. Tazama jinsi kamba zako zote zinavyofungwa kwenye mwezi huo. Majaribio yake yanakwisha. Kijana wako anakuwa amemaliza mtihani wa darasa la saba, ambao ameshasajiliwa shuleni kwake, na kumhamisha Juni, miezi mitatu kabla, ni kumvurugia bure. Binti anamaliza la tatu na anaanza la nne pamoja na wenzake Januari, badala ya kuingizwa katikati ya mwaka. La nne lina upimaji wa kitaifa, bora aanze ukurasa wa kwanza. Kikoba nacho, kama ni vile ninavyovijua, mnavunja Desemba na kugawana. Deni la 340,000 ukiligawa kwa miezi sita ni kama 57,000 kwa mwezi, ulimalize uondoke na mgao wako mkononi na jina lako safi.

Na fedha? Miezi hiyo sita mtakuwa na majiko mawili, lakini jiko la mwanamume mmoja halili sana akiwa na adabu. Apange chumba kimoja cha 70,000. Chakula na daladala 210,000. Atume nyumbani 500,000. Wewe una zako 280,000, na hapa kuna mdomo mmoja umepungua. Kwake inabaki laki mbili kila mwezi. Hiyo asiiguse. Mpaka Desemba ni 1,200,000, ambayo ni kodi ya miezi sita ya nyumba niliyoitaja, maana wenye nyumba karibu wote watataka miezi sita kwa mkupuo, na dalali atataka mwezi wake juu yake. Yaani nyumba ya Mwanza itakuwa imejilipia yenyewe kabla hujafunga boksi hata moja.

Najua mama mkwe atasema nini. Nitakujibu kwa kifupi kwa sababu jambo hili limeshaongelewa mno mabarazani: mwanamume anayetaka kupotea hupotea hata akiwa analala chumba kimoja na wewe Makorora. Usihamishe watoto watatu kwa ajili ya kumlinda mume. Kinachoharibu nyumba za "nitatangulia" ni kutokuwa na tarehe. Nimeona wake waliosubiri "nikishajipanga" mpaka mtoto wa tumboni akaanza shule. Kwa hiyo muandike tarehe. Tarehe kamili, si "mwisho wa mwaka", na aijue mama mkwe, ajue kaka yako, ajue na kijana. Ikifika tarehe hiyo kiwanda kikawa kinasuasua, basi yeye ndiye anayerudi. Wewe hujaondoka, fremu ipo, chumba kipo.

Hapo kwenye chumba. Wifi yako amekuuliza mapema, mshukuru, kwa sababu amekuonyesha palipo na ufa. Kabla mumeo hajapanda basi, aitishe kikao na mama yake na ndugu zake, aseme kwa mdomo wake mwenyewe, sio wewe: mpaka Desemba hakuna kinachobadilika. Mkishahama, chumba kidogo atumie wifi kwa moyo mweupe, kile kikubwa kifungwe na vitu vyenu vichache, ufunguo akae nao mama mkwe. Nasema mama mkwe makusudi. Anayekabidhiwa ufunguo huacha kutabiri mabaya. Na iwe kwa miaka miwili tu, urefu wa mkataba. Msizuie chumba cha familia milele kwa sababu ya kitanda kimoja.

Mama yako wa Pangani ndiye aliyenikalisha. Hapa sina la kukufariji kwa wepesi, maana sukari na presha hazina likizo. Lakini umenipa mdogo wako wa Muheza, ukamtaja na kumpita kama vile mtoto mchanga ni kifungo cha maisha. Kuanzia Julai, kila kliniki mwende wote watatu: wewe, mama na yeye na mtoto wake mgongoni. Ajue dirisha la dawa ni lipi, daktari anauliza nini, kadi inakaa wapi, na mama anadanganya nini kuhusu chai ya sukari, maana wote wanadanganya. Miezi sita ya kufuatana naye itamfundisha. Kisha ile nauli na siku yake ya kazi mumlipe, isiwe "tutaangalia". Iingie kwenye bajeti kama kodi inavyoingia, na kaka yako wa Dar ambaye miguu hatumi aambiwe sehemu yake ni ipi.

Mwanza penyewe uione kabla hujahamia. Shule hufunga kidogo Septemba karibu na mtihani wa darasa la saba, na kijana wako akishaweka kalamu chini yuko huru. Binti na mdogo wake wabaki na bibi yao siku tano, wewe na kijana mpande basi. Usiende kutembea, nenda kukagua. Mwanza ni mji wa miamba na vilima. Nyumba nyingi zimepanda juu ya mawe huko Mabatini, Igogo na Bugarika, na wanaoishi juu wanajua maana ya kupandisha ndoo kwa miguu wakati bomba limekauka. Wewe umezoea Tanga, mji tambarare ambao mzee wa miaka sabini anakwenda sokoni kwa baiskeli. Tafuta chini: Buhongwa, Igoma, Nyegezi, sehemu za namna hiyo, na ufike kwenye nyumba saa mbili usiku ufungue bomba mwenyewe. Dalali atakuonyesha mchana, saa nne asubuhi, maji yakiwa yanatoka kwa kishindo. Msitume hela ya nyumba mliyoiona kwenye picha, hata kama dalali ni mtoto wa shehe. Ukipata nyumba ya chini, baiskeli ya kijana iende, naye amekudai kitu kidogo sana.

Siku hizohizo pita shule iliyo karibu, uhesabu watoto darasani kwa macho yako. Ukirudi Tanga mwone mwalimu mkuu wa binti kuhusu uhamisho. Siku hizi unafanyika kwenye PReM, mfumo wa Baraza la Mitihani wa kuweka kumbukumbu za wanafunzi, hivyo hakikisha namba yake ya PReM na jina lake vinafanana na cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi. Mwaisha na Mwanaisha wameshawatesa wengi. Kijana akifaulu atapangiwa sekondari huku mlipo, kwa hiyo uhamisho wake nao uuanze mara tu majina yatakapotoka, usingoje Februari.

Na kitu kimoja ambacho hakuna aliyekuambia, najua, kwa sababu anayetoka pwani hakifikirii. Watoto wako wamezoea bahari. Wakiliona Ziwa Victoria watavua mashati kama wako Raskazone. Ziwa lina kichocho. Wadudu wake wanaishi kwenye konokono wa kandokando, wanaingia kwa ngozi tu, mtoto akiwa amesimama majini anacheka. Uwaambie kabla, na usimamie, hasa huyo wa baiskeli.

Kuhusu kazi yako. Fremu ya Ngamiani usiiachie mpaka Desemba, na kama una binti unayemfundisha kushona, mwachie na wateja kwa makubaliano ya maandishi. Vyerehani na overloki viende, hata kama itabidi kabati libaki. Kodi ya fremu ya huko, miezi mitatu, itengwe kabla ya sofa na kabla ya televisheni, na itoke kwenye ile nyongeza inayomfanya mumeo apige mluzi. Huko kuna kazi: harusi na vikao vyake, sare za vitenge za kinamama ishirini kwa mpigo. Septemba ukiwa kule pita Makoroboi uangalie vitambaa na bei zake, kisha uulize mafundi wanashona gauni kwa shilingi ngapi. Vaa nguo uliyoishona mwenyewe, ile nzuri.

Mie nilihama mwaka 1986. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa reli, akahamishiwa Tabora, tukashuka stesheni alfajiri na watoto wawili na ndoo. Nilikuwa nimeuza kila kitu Tanga kwa bei ya kutupa, hata kinu. Mwaka wa kwanza nilikaa ndani nahesabu siku. Jirani yangu Mnyamwezi alinigongea mlango na ungo wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwakatwa vikaanikwa. Mie nikadhani ni magome ya mti ya kuchemshia dawa, nikayaweka juu ya kabati. Alisubiri wiki nzima nimrudishie ungo na neno. Siku niliyomwuliza vinapikwaje ndiyo siku niliyoanza kuishi Tabora, na tulikuwa na miezi kumi na moja pale. Mwanza ni Wasukuma, binamu zao. Ukiamkiwa "mwangaluka" asubuhi, jibu hivyohivyo, na ungo usiuweke juu ya kabati.

Sasa kuna ule ujumbe wa kabla ya mwisho wa mwezi. Mumeo aandike kwamba ameipokea nafasi kwa furaha na ataripoti tarehe 1 Julai. Anaomba mkataba atumiwe ausaini akiwa Tanga, mahali alipoajiriwa paandikwe Tanga. Na anaomba alipwe nauli mwanzoni, au angalau nusu. Hilo la nauli wakikataa, aende tu. Wakikataa kuandika Tanga, waulize sababu, na jibu lao mlijadili wawili kabla hajaaga kiwandani.

Nazi Mwanza zipo, zinafika na malori kutoka huku kwetu, ila bei yake itakufanya ukae chini. Sangara wa nazi atapikwa Ijumaa tu. Mbuzi yako ya kukunia ibebe, ya kwangu niliiuza pamoja na kinu.